Kabla ya Kuchomoa Redio ya Kiwandani Kwenye Dashibodi

Anayetaka kutoa redio iliyokuja na gari kutoka kiwandani ajue kwanza imeshikana na nini. Kwenye magari ya zamani ni umeme, spika na antena basi. Kwenye mengi ya karibuni, kamera ya kurudi nyuma, vitufe vya usukani na maikrofoni ya simu vyote vinapitia humo, na yapo magari ambayo hata kiyoyozi hurekebishwa kupitia skrini ya redio. Washa gari, bonyeza kila kitufe, sikiliza spika moja moja, kisha andika kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi. Usipofanya hivyo, kazi ikiisha hutajua kama spika ya nyuma kushoto imekufa leo au ilikuwa kimya tangu zamani, na utapoteza saa nyingi ukitafuta kosa ambalo si lako.

Halafu lije suala ambalo watu wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: namba ya siri. Redio nyingi za kiwandani zina kinga ya wizi. Zikikatiwa umeme kisha zikawashwa tena, hudai namba hiyo, na ukikosea mara kadhaa hujifunga. Itafute kwenye kadi iliyokuja na kitabu cha gari, au kwenye stika ndani ya kisanduku cha dashibodi. Ikikosekana, wakala wa kampuni iliyotengeneza gari mara nyingi huweza kuipata akipewa namba ya chesisi na namba iliyochapwa kwenye bati la redio. Tatizo ni kwamba bati hilo mara nyingi halionekani mpaka redio itoke, kwa hiyo uliza mapema. Usiseme huihitaji kwa kuwa unaweka redio mpya. Ile ya zamani ukiiuza au ukitaka kuirudisha, bila namba hiyo haitawaka.

Umeme ukiwa bado upo, toa CD iliyomo na kadi ya ramani kama ipo. Kwenye gari la gia otomatiki, mara nyingi itabidi mkono wa gia urudishwe nyuma ili fremu ya katikati ipate nafasi ya kutoka, na betri ikishakatwa mkono huo unaweza kugoma kutoka kwenye P. Basi egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu, ndipo uusogeze. Kioo cha dirisha la dereva kiache wazi na funguo kaa nazo mfukoni.

Sasa betri. Kwenye magari mengi spana namba 10 inatosha. Fungua upande wa hasi kwanza, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Ukishafungua, usikimbilie dashibodi. Mfumo wa mifuko ya hewa huhifadhi umeme wa kutosha kuilipua hata betri ikiwa imekatwa. Toyota, kwa mfano, huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, na watengenezaji wengine hutaka dakika kadhaa, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Soketi za mfumo huo kwa kawaida ni za njano. Usizichomoe, na usizipime kwa mita hata kidogo.

Vifaa ni vichache: vibanio vya plastiki vya kubandulia kava, bisibisi ya nyota yenye sumaku, tochi, na utepe wa karatasi wa kufunika kingo. Bisibisi bapa ya chuma iache mbali, maana hukwaruza plastiki na kuvunja klipu. Gari likiwa la baridi, plastiki hukauka na kuvunjika kirahisi. Lipashe joto ndani kwanza. Baadhi ya redio zina vitundu pembeni na hutolewa kwa funguo maalumu za chuma, kwa hiyo chungulia kabla ya kuanza kubandua fremu.

Kama unaweka nyingine, pima nafasi. Vipimo vya kawaida ni upana wa milimita 180 kwa kimo cha 50 au 100, ingawa redio zilizochongwa kufuata umbo la dashibodi huhitaji fremu ya ziada. Nunua pia waya za kiunganishi cha gari lako mapema, ili usishawishike kukata soketi za kiwandani. Rangi za waya za kiwandani hazifanani na za redio za dukani, na hubadilika hata kati ya modeli za kampuni moja, hivyo usikisie. Piga picha kila soketi kabla ya kuichomoa. Ukikutana na kebo nyembamba ya nuru, ambayo ipo kwenye baadhi ya magari ya Ujerumani, usiikunje kwa kona kali. Ikivunjika ndani, mfumo mzima wa sauti huweza kunyamaza. Vuta redio taratibu, kwani waya wa antena mara nyingi ni mfupi kuliko unavyotarajia.