Jinsi ya kupiga hesabu za chuo kabla ya kusaini mkopo

Kazi yangu ni kukaa na wanafunzi waliomaliza sekondari, pamoja na wazazi wao, tukijaza fomu za ufadhili na mikopo ya elimu ya juu. Nimeona vijana wengi wenye alama nzuri wakibaki nyumbani, na mara nyingi kilichowaangusha hakikuwa ada. Kilikuwa kiasi kidogo kilichotakiwa mapema, au ukurasa wa fomu ambao hakuna mtu nyumbani aliyeuelewa. Kwa hiyo hatua hizi zifanyeni wawili: mwombaji, na mtu mzima mmoja aliye tayari kukaa naye mpaka fomu iishe.

Huko Marekani, Eric Bettinger, Bridget Terry Long na wenzao walichapisha mwaka 2012 matokeo ya jaribio walilofanya kwa familia za kipato cha chini na cha kati. Kundi moja lilisaidiwa kujaza fomu ya msaada wa masomo papo hapo, lingine likapewa maelezo tu. Kwa wanafunzi waliokuwa wakimaliza sekondari, waliotimiza miaka miwili ya chuo ndani ya miaka mitatu walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36 katika kundi lililosaidiwa. Maelezo peke yake hayakuleta tofauti ya maana. Mzazi au mwalimu unayesoma hapa, usimtumie kijana huu mwongozo ukaondoka. Vuta kiti.

Hatua ya 1: Anza na kalenda

Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili kuanzia sasa. Weka tarehe ya mwisho ya kuomba chuo, ya kuomba mkopo, ya kuthibitisha nafasi, ya kufungua chuo. Halafu weka tarehe ambayo fedha za mkopo au ufadhili huingia kweli, na hii uliza wanafunzi walioko chuoni tayari. Karibu kila mara utakuta pengo: chuo kimefunguliwa, fedha haijafika, na mwanafunzi anatakiwa kulala, kula na kujisajili. Zungushia pengo hilo. Akiba ya kwanza ya familia inakwenda hapo.

Hatua ya 2: Andika gharama zote za mwaka

Ada, usajili, malazi, chakula, nauli, vitabu, vifaa, bima, intaneti, gharama za mafunzo kwa vitendo. Zidisha kwa miaka ya kozi.

Hatua ya 3: Soma barua ya msaada na kalamu mbili

Barua ya msaada ndiyo inayokueleza fedha ulizopangiwa kwa masomo. Hapa nakuomba uende polepole. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyekuja na barua ya binti yake, ameikunja mara nne ndani ya kitambaa. Alikuwa ameshawaambia ndugu kwamba mtoto amefadhiliwa. Chini ya barua palikuwa na mstari wa "jumla ya msaada", na jumla ile ililingana na gharama za mwaka. Tulipopitia mstari mmoja mmoja tukakuta zaidi ya nusu ni mkopo. Hakuna aliyemdanganya, barua ilijumlisha vyote pamoja tu.

Kwa hiyo piga mstari wa kijani chini ya kila fedha isiyorudishwa: ruzuku, ufadhili, punguzo la ada. Piga mwekundu chini ya kila fedha itakayorudishwa. Jumlisha kila rangi peke yake. Kisha kwenye kila mstari wa kijani uliza: ni wa mwaka mmoja au wa kozi nzima? Unadai wastani gani wa alama ili uendelee? Ufadhili unaokatika mwaka wa pili ndio unaoacha vijana wana madeni na hawana shahada, na hiyo kwangu ni hali mbaya kuliko zote.

Hatua ya 4: Uliza riba inakokotolewaje

Asilimia peke yake haitoshi. Uliza riba inaanza lini. Ikianza siku fedha inapotoka, na kila mwaka ikaongezwa kwenye deni, mkopo wa 1,000 kwa riba ya asilimia 10 utakuwa 1,464 baada ya miaka minne, kabla mwanafunzi hajalipa chochote.

Uliza pia riba inapigwa juu ya nini. Tuseme umekopa 1,200 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 10 ya mkopo wote wa mwanzo. Riba ni 120, rejesho ni 110 kwa mwezi. Inaonekana nafuu. Lakini kila mwezi unapunguza deni, na bado unatozwa kana kwamba 1,200 yote iko mikononi mwako. Ukiilinganisha na mkopo unaotoza riba juu ya salio linalopungua, gharama yake halisi ni karibu asilimia 18 kwa mwaka. Usilinganishe mikopo miwili kabla ya kujua hili kwa kila mmoja.

Hatua ya 5: Jua marejesho yatakavyokuwa

Kuna mikopo yenye rejesho lilelile kila mwezi, uwe na kazi au huna. Kuna mingine inayofuata kipato: Australia ilianza utaratibu huo mwaka 1989, mhitimu hulipa kupitia mfumo wa kodi pale tu mapato yake yanapovuka kiwango kilichowekwa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, na kazi baada ya masomo haina uhakika, mimi ningechukua wa pili hata kama utachukua miaka mingi zaidi kuumaliza.

Kama anatakiwa mdhamini, naye aisome barua yenyewe, aambiwe wazi kwamba mwanafunzi akishindwa atadaiwa yeye.

Hatua ya 6: Saini, kisha tunza nakala

Piga picha kila ukurasa uliosainiwa na kila risiti, utume kwa yule mtu mzima uliyekaa naye. Simu ya mwanafunzi ikipotea, nakala ziwe bado zipo.