Jinsi ya kupima oksijeni ya galaksi ya kale kwa rula na kikokotoo

Picha za darubini ya James Webb ziweke pembeni kwanza. Zinapendeza ukutani, lakini kemia imo kwenye spektra, ule mchoro wa vilele unaoonyesha nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi, ambao wanafunzi wangu wa kidato cha sita huuona kama kipimo cha moyo. Ingia kwenye hazina ya data ya MAST, ni bure, utafute programu ya uchunguzi namba 2736, chanzo 4590. Ni galaksi ndogo iliyo nyuma ya kundi la galaksi SMACS 0723, na data yake ilitolewa Julai 2022. Chukua faili la G395M, yaani la kichujio cha spektra kinachotenganisha mawimbi vizuri. Ukihamia galaksi nyingine utakuta na faili za prizimu. Kwa kazi hii ziache, zinachanganya vilele vilivyobanana.

Upande wa kulia tafuta vilele viwili virefu vya oksijeni: kimoja karibu na mikroni 4.71, kingine 4.76. Pima eneo la kila kimoja, kimo mara upana wake kwenye nusu ya kimo. Cha kulia kiwe karibu mara 3 ya mwenzake. Uwiano huo umewekwa na atomu ya oksijeni yenyewe, haubadiliki kwa galaksi yoyote. Ukipata mara 2 au 5, usiendelee.

Gawanya 4.76 kwa 0.5008, ambao ndio urefu wa wimbi hilo kwenye chanzo. Unapata 9.5; toa 1, z, yaani kipimo cha jinsi wimbi lilivyonyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu, ni 8.5. Mwanga huo ulipotoka, ulimwengu ulikuwa haujafikisha miaka milioni 600. Hakiki kwa hidrojeni: 0.4863 mara 9.5 ni 4.62. Kilele kipo? Vizuri. Mimi z ya kilele kimoja siikubali, hata ikitoka kwa profesa.

Sasa ndipo penye utamu. Zidisha 0.4364 kwa 9.5, uende 4.146. Pana kilele kifupi cha oksijeni, ubavuni mwa hidrojeni ya 4.125. Hicho ndicho kipimajoto, kwa sababu huwashwa na elektroni zenye nguvu zaidi kuliko zile zinazowasha cha 4.76. Kikiwa kirefu kulinganisha na hicho kikubwa, gesi ina joto kali. Na hapa wengi hupotea: wanadhani vilele virefu ni oksijeni tele. Oksijeni hupoza gesi kwa kutoa nishati kama mwanga, hivyo gesi yenye joto kali ni ile iliyopungukiwa nayo. Kwenye galaksi hii joto linapita kelvini 20,000, na oksijeni haifiki hata sehemu ya kumi ya ile ya Jua.

Kundi lililo mbele linakuza mwanga, ila uwiano wa vilele haliugusi. Ukitaka kasi ya kuzaliwa nyota kutokana na mwanga wa hidrojeni, hapo lazima ugawanye kwanza kwa kiasi cha ukuzaji.

Ukipita z ya 9.6 kilele cha 0.5008 kinatoka nje ya uwezo wa NIRSpec, kifaa cha Webb kinachopima spektra, kinachoishia mikroni 5.3. Kwa galaksi ya JADES-GS-z14-0, yenye z ya 14.18, oksijeni ilinaswa na antena za ALMA kule Chile kwa wimbi jingine, la mikroni 88.36. Zidisha kwa 15.18: milimita 1.34.