Kioo cha fremu ya chuma katika nyumba ya mawe Lamu
Anayetaka kutundika kioo kikubwa chenye fremu nyeusi ya chuma, cha mtindo wa karakana, katika nyumba ya mawe ya Lamu, na akitundike mkabala na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwa sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba na mwanga wake huingia kutoka ua huo, na kioo huufikisha hadi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Adui ni chumvi ya bahari. Kutu huanzia nyuma ya fremu, kwenye maungio yaliyochomelewa, mahali ambapo fundi mara nyingi hupasahau. Kigeuze kioo kabla ya kulipa, upapase kwa kidole, na ukikuta chuma kitupu, paka kwanza rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Ukuta wa matumbawe hushika unyevu, kwa hiyo gundisha vipande vya mpira kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite, la sivyo kioo chenyewe kitaingia madoa meusi. Lipu ya chokaa humeguka, basi tumia skrubu zisizoshika kutu zinazofika kwenye jiwe lenyewe. Kwa macho yangu, fremu nyembamba ndiyo inayopendeza kando ya mlango wa nakshi.