Somo: Kugawa mafundi, punda na boriti kwenye Primavera P6 kwa kutumia Excel

Assalamu alaikum wanachama. Ratiba ninayoishughulikia sasa ni ya kukarabati nyumba ya mawe hapa Mkomani, Lamu. Ina kazi zaidi ya mia, na kila kazi inataka watu na vifaa vyake. Ukiingia P6, programu ya kupanga ratiba za miradi, ukaanza kubofya kazi moja moja, hii mwashi, hii kibarua, hii chokaa, siku mbili zitakwisha na hujafika juu ya dari.

Lakini kwangu mimi haraka ni sababu ya pili ya kutumia Excel. Ya kwanza ni fundi mkuu. Hajawahi kufungua P6 na hana haja nayo, ila jedwali lililochapishwa analisoma vizuri na kulisahihisha kwa kalamu. Yeye ndiye ajuaye vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani wakiwa na mzigo.

Hatua ya 1: Orodha ya rasilimali

Ijazeni ndani ya P6 kabla ya yote. Aina ni tatu. Mwashi, seremala na kibarua ni Labor. Punda na mashua ni Nonlabor. Boriti, chokaa na mchanga ni Material. Msitegemee jedwali liwaundie rasilimali ambayo haimo kwenye orodha. Tumieni vitambulisho vifupi: MWASHI, KIBARUA, PUNDA, BORITI. Vya Material vipeni kipimo tunachonunulia, boriti kwa korija, chokaa kwa mfuko. Kisha andikeni kiwango cha juu mnachoweza kupata kwa siku, kwa sababu bila hicho programu haitajua mmezidisha.

Hatua ya 2: Toa jedwali

Gawa rasilimali kwa kazi moja tu kwa mkono, ili uone mstari uliokamilika unavyokaa. Halafu menyu ya File, Export, chagua Spreadsheet, weka alama kwenye Resource Assignments, chagua mradi, tengeneza kiolezo chenye Activity ID, Resource ID na Budgeted Units, yaani kiasi kilichopangwa.

Hatua ya 3: Ndani ya Excel

Utakuta shiti iitwayo TASKRSRC. Mstari wa kwanza ni majina ya ndani ya programu: task_id, rsrc_id, target_qty (hii ndiyo Budgeted Units). Usiuguse kabisa. Mstari wa pili ni majina ya kusomeka, na yenye nyota ni ya P6 mwenyewe, ukiyabadilisha hayarudi. Safu nyingine zilizoletwa na programu ziache zilivyo hata zikiwa tupu. Shiti ya USERDATA pia iache, ndiyo inayobeba vipimo vya muda na muundo wa tarehe.

Hatua ya 4: Kujaza kiasi

Hapa nawaomba mtulie nami.

Tuchukue kazi A1040, kuhamisha boriti kutoka gatini hadi nyumbani. Fundi mkuu kasema vibarua watatu, siku nne. P6 yangu inahesabu kwa saa, na siku yetu ya kazi ni saa 8. Kwa hiyo target_qty ya KIBARUA ni 3 × 4 × 8, yaani 96.

Mara ya kwanza niliandika 12, nikiwaza siku za watu. P6 haikulalamika. Ilizitawanya saa 12 kwenye siku nne, ikaona hata nusu ya kibarua haifiki, na grafu ya matumizi ya rasilimali ikatoka shwari. Nikaita watu kwa kuifuata grafu hiyo. Boriti zikalala gatini, na mwashi aliyekwisha kulipwa akakaa akizisubiri. Jambo hilo liliniuma sana, maana kosa halikuwa la kibarua yeyote.

Tangu siku hiyo nina shiti ya pembeni, faili yake mbali, yenye safu za kazi, watu na siku. Hiyo ndiyo ninayomchapishia fundi mkuu. Akishaisahihisha, Excel inazidisha kwa 8, nami nanakili thamani tupu, bila fomula, hadi TASKRSRC. Boriti hazihusiki na saa: korija tano andika 5, nazo ni boriti 100.

Angalieni pia Duration Type ya kila kazi. Ikiwa Fixed Units/Time, ukiongeza saa muda wa kazi unarefuka. Ikiwa Fixed Duration & Units, muda unabaki na watu kwa siku ndio wanaoongezeka. Kazi zetu nyingi mimi naziweka hiyo ya pili.

Hatua ya 5: Rudisha

Toa kwanza nakala ya akiba ya mradi, faili ya XER. Funga faili ya Excel, ingia Import, chagua Update Existing Project. Bonyeza F9 ili P6 ipange ratiba upya, kisha fungua grafu ya matumizi ya rasilimali uone nguzo zilizopita kiwango.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimefuta mstari wa seremala kwenye Excel, nimerudisha, bado yumo. Kwa nini?*

Ndugu yangu, mstari usiokuwemo kwenye jedwali, P6 haiugusi. Urejeshe, na kwenye safu ya delete_record_flag andika D. Hapo utaondoka.

*Shikamoo mwalimu. Niko Malindi, natumia Microsoft Project. Somo hili linanifaa?*

Marahaba mwanangu. Hesabu ni ileile, njia ndiyo tofauti. Jaza kwanza Resource Sheet, unaweza kunakili kutoka Excel. Kwenye safu ya Resource Names bandika maandishi kama Kibarua[300%], maana yake vibarua watatu. Tahadhari na tahajia: ukiandika Kibarua hapa na Vibarua pale, programu itaona ni rasilimali mbili.

*Sisi tunajenga Shela. Mchanga unakuja kwa mashua, na mashua inasubiri maji. Nikibonyeza F9 inanipangia kushusha mchanga wakati wowote.*

Kwa sababu kazi yako ni Task Dependent, inafuata kalenda ya kazi. Ibadilishe iwe Resource Dependent, halafu MASHUA uipe kalenda yake, na vibarua wa kushusha uwape hiyohiyo. Kalenda hiyo ijaze ukiwa umekaa na nahodha, wiki mbili mbili, kwa sababu maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Saa iliyofaa Jumatatu, Alhamisi haifai.