Mwanaume, titi likivimba na kuuma: anza na vidole, kisha leta kopo lote la dawa

Februari, jua la Moshi likiwa limewaka kisawasawa, mzee mmoja wa Uru aliingia chumbani kwangu zahanati amevaa shati, sweta na koti juu. Kijana wake ndiye aliyeongea. Mzee alikuwa anaangalia ukuta. Alipovua, titi la kushoto lilikuwa limeinuka, na sweta limekuwa likimkwaruza chuchu mpaka usiku halali upande huo. Mimi ni tabibu wa kawaida, si bingwa, ila wanaume wa namna hii nawaona, na karibu wote huchelewa kwa sababu ya aibu. Naandika nilivyomfanyia, pamoja na pale nilipokosea.

Hatua ya 1: Lala chali

Kusimama mbele ya kioo hakukuambii kitu. Lala chali, mkono wa upande unaouma nyuma ya kichwa. Weka dole gumba upande mmoja wa titi na kidole cha shahada upande wa pili, kisha vilete taratibu kuelekea kwenye chuchu. Vikikaribiana bila kukwama, hayo ni mafuta tu, kama ya kitambi. Vikikuta kisahani cha duara, kigumu kidogo kama mpira, kimekaa katikati chini ya chuchu, kinacheza ukikisukuma na pengine kinauma, hiyo ni nyama ya titi iliyokua. Hospitali wanaiita ginekomastia. Inaweza kuwa kama sarafu ya shilingi 200 au kubwa zaidi, upande mmoja au pande zote.

Ukishakagua, acha. Kuna watu wanajibinya kila saa halafu wanalalamika kwamba maumivu yamezidi.

Hatua ya 2: Yale yasiyosubiri

Saratani ya matiti inawapata wanaume pia. Ni wachache, takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wa ugonjwa huo, na wengi wao wameshavuka miaka 60. Donge lake huwa gumu kama kokoto, mara nyingi liko pembeni ya chuchu, na kwa kawaida haliumi. Hapo ndipo watu wanapokosea: linalouma wanalikimbilia, lisilouma wanalilea. Angalia pia chuchu iliyoingia ndani, damu inayotoka kwenye chuchu, ngozi iliyovutika au yenye kidonda, na tezi kwapani. Moja tu kati ya hayo linatosha: nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapa Moshi wiki hiihii, na ukiwa Arusha, hospitali ya Mount Meru. Usipitie kwa mtu wa kukuchua na mafuta ya moto.

Likiwa jekundu, la moto, na una homa, hilo ni jipu au maambukizi. Nenda leo.

Hatua ya 3: Korodani

Kagua zote mbili ukiwa bafuni. Uvimbe wa korodani unaweza kutoa homoni zinazokuza matiti. Ukikuta kitu kigumu, mwambie daktari kabla hujamwambia habari za titi.

Hatua ya 4: Kopo

Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima. Nilimuuliza mzee, "Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa."

"Hata ya presha?"

"Ah, hiyo si dawa, hiyo nakunywa kila siku."

Akanitajia kidonge kimoja cha presha ambacho hakikunishtua. Nikamwandikia vipimo vya ini na figo, akarudi na majibu mazuri, mimi nimekaa sina la kusema. Mwishowe nikamwomba kijana apande bodaboda, akalete kila kinachomezwa pale nyumbani. Akarudi na kopo la maziwa ya unga. Chini kabisa palikuwa na bahasha ndogo ya kaki, vidonge havina boksi, na juu imeandikwa kwa kalamu "1x1, ya maji". Tukapiga simu kliniki anakotibiwa moyo: spironolactone. Dawa nzuri sana kwa moyo, lakini inazuia kazi ya homoni ya kiume, na matiti kuvimba na kuuma ni moja ya kero zake zinazojulikana.

Kwa hiyo usiulize "dawa gani". Sema "leta kopo". Ndani yake tafuta hizi, nazitaja kama zilivyo kwenye boksi ili uzitambue: spironolactone, cimetidine ya tumbo, ketoconazole ya vidonge ya fangasi, finasteride na bicalutamide za tezi dume, haloperidol ya ugonjwa wa akili, isoniazid ya kifua kikuu, na efavirenz, ambayo ilikuwa ndani ya kidonge cha ARV walichotumia wengi kabla ya kuja dolutegravir, ARV ya siku hizi. Kwa sababu ya hiyo ya mwisho, mtoe kijana nje kwanza. Mzee hataji ARV mbele ya mwanawe, na hana kosa.

Kwa vijana, uliza sindano na vidonge vya kujazia misuli. Atakataa mara ya kwanza. Uliza tena taratibu. Uliza pombe pia, gongo hasa, maana ini likichoka homoni za kike huzidi mwilini. Na unga wa miti shamba usiojulikana una nini, uweke mezani na wenyewe.

Halafu linganisha tarehe, ila usidai tarehe. Mzee wangu hakukumbuka mwezi, lakini alikumbuka kwamba vidonge alianza wakati wa kuvuna mahindi, na titi lilianza kumkera watoto walipopanda kutoka Dar kwa Krismasi. Hiyo ilinitosha kuliko vipimo vyote nilivyoandika.

Sasa sikiliza vizuri: usiache dawa mwenyewe. Mwenye moyo dhaifu akiacha spironolactone kwa hasira ya titi, miguu itajaa maji na pumzi itakata. ARV na dawa za TB ndiyo usithubutu kabisa. Rudi kwa aliyekuandikia, na bahasha mkononi, umwambie titi linauma. Zipo njia: kupunguza dozi, au kubadili. Huyu alipunguziwa.

Hatua ya 5: Vipimo

Vije baada ya mkono na kopo. Sipendi kumpeleka mtu altrasaundi ambaye hajaguswa na yeyote. Donge likitia shaka, altrasaundi au mamogramu, kisha kuchukuliwa kinyama kwa sindano.

Hatua ya 6: Kungoja

Mvulana wa miaka 13 au 14 mwenye kisahani kinachouma, mara nyingi ni balehe tu, na kwa wengi huisha ndani ya miaka miwili. Waambie wenzake wakome kumtania.

Kwa mtu mzima, uvimbe mpya una nafasi ya kunywea chanzo kikiondolewa. Ukipita mwaka hugeuka kama kovu, na hapo hubaki upasuaji. Pima kwa rula mara moja kwa mwezi, umelala vilevile, uandike kwenye kalenda ya ukutani. Mzee alianza na sentimita 4. Mwezi wa Mei zilikuwa 2 na nusu, maumivu yameisha, na alikuja na shati tu.