Minyoo bapa wa Akropora: usiwaruhusu waingie kwenye tangi

Minyoo hawa hula Akropora, aina ya tumbawe linalofugwa kwenye tangi la maji ya bahari. Wana mwili unaopitisha mwanga na hujificha juu ya tumbawe lenyewe, kwa hiyo tafuta alama zao: madoa meupe ya mviringo, rangi iliyofifia, na mayai ya kahawia yaliyobandikwa kwenye mifupa mitupu ya tumbawe karibu na shina.

Kila Akropora mpya ivunje kutoka kwenye kitako ilichokuja nacho, ukitupe, kisha ubandike kipya. Chota lita 4 za maji ya tangi, tia dawa ya kuogeshea matumbawe kwa kipimo cha kwenye chupa, loweka dakika 5 hadi 10 huku ukiyapuliza matawi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Suuza kwenye ndoo ya pili. Maji yenye dawa yamwage nje, kamwe yasirudi tangini.

Wengi hukwama hapa: dawa haiui mayai. Kwangua unayoyaona, rudia kuogesha kila baada ya siku 5 hadi 7 kwa wiki 6, tumbawe likiwa bado karantini. Samaki wanaodonoa minyoo, kama rasi wa mistari sita (six-line wrasse), husaidia tu, hawamalizi kazi.