Siklokrosi ya alumini juu ya makoro ya Goma

Watoto wa mtaani kwetu Himbi, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, huniita "Mwalimu wa pembe", kwa sababu ya usukani. Umekunjwa kushuka chini, kama pembe za kondoo dume. Kinga yangu (huku ndivyo tunavyoita baiskeli) ni ya siklokrosi, yaani imetengenezwa kwa ajili ya zile mbio za saa moja hivi ambazo Wabelgiji wanazipenda wakati wa baridi: watu wanazunguka kwenye matope, wanashuka, wanaibeba begani, wanapanda tena. Mimi siendi mbio zozote. Naenda Mugunga kufundisha hesabu, na Jumamosi nikipata nafasi nafika Sake, kilomita 25 hivi. Niliinunua mtumba ng'ambo ya mpaka, Rubavu, miaka minne iliyopita, na nimeshaulizwa mara nyingi mno kama inafaa hapa. Inafaa, lakini si kwa namna muuzaji anavyokuambia.

Muuzaji atakuinulia fremu kwa kidole kimoja uone ilivyo nyepesi. Mwache ainue. Wewe inama usome namba pembeni mwa mpira wa nje. Tafuta 622, mfano 33-622 au 38-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale mpira unapokaa kwenye rimu. Kinga zetu za kawaida, zile kubwa za kubebea makala (mkaa), mara nyingi zinavaa mpira unaoitwa 28, na huo ni 635. Kwa macho ni ndugu. Mimi nilinunua mmoja sokoni, muuzaji akaniapia kwamba ni ileile, nikahangaika nao sebuleni jioni nzima kabla ya kukubali kwamba milimita 13 hazifichiki: unacheza kwenye rimu kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Mipira ya 622 utaiagiza Kigali au utamwomba mtu anayesafiri. Kwa hiyo siku unanunua kinga, nunua na mpira mmoja wa akiba palepale, la sivyo utatembea kwa miguu wiki mbili.

Pima pia nafasi kati ya mpira na fremu. Sheria za mbio za kimataifa haziruhusu mpira uzidi milimita 33, lakini fremu nyingi za siklokrosi zinapokea 38, nyingine hata 40. Kwa Goma chukua mpana kadiri fremu inavyokubali, ila acha angalau milimita 4 kila upande. Kokoto ya makoro (mawe ya lava ya hapa) ikinasa kwenye meno ya mpira na kuzunguka nao inakata alumini kama tupa. Fremu yangu ina alama hiyo nyuma, karibu na kanyagio, na ni uzembe wangu mwenyewe.

Jambo lingine la kuangalia ni matundu ya skrubu karibu na ekseli za magurudumu. Fremu za mbio tupu hazinayo. Yangu inayo, ndiyo maana ina keria na madigadi, na ndiyo maana naweza kurudi nyumbani na madaftari ya darasa zima pamoja na sombe (majani ya mhogo). Bila matundu hayo umenunua kinga ya michezo, utabeba mzigo mgongoni mpaka ushangae.

Sasa makoro yenyewe. Msomaji wa mbali ajue kwamba mji huu umejengwa juu ya lava. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji mpaka ziwani, Mei 2021 ukasimama pembezoni, upande wa uwanja wa ndege. Moto ukipoa unakuwa jiwe jeusi lenye vitundu, na ukingo wa kila kitundu ni wembe. Haulichani sana gamba la katikati, lile lenye meno. Unachana ubavu wa mpira, ambao ni mwembamba. Ndiyo sababu usiupite ukingo wa jiwe kwa kuukwaruza pembeni. Ama ulipande moja kwa moja, ama ulikwepe kabisa. Kanyagio ziwe sawa kwa sawa, makalio yanyanyuke kidogo, viwiko vilegee, na macho yatangulie mita tano sita. Ukilitazama jiwe utaligonga, sijui kwa nini, lakini wanafunzi wangu waliojaribu wote wamethibitisha.

Upepo nao una kipimo. Mimi nina kilo 68, mpira wangu ni wa 38, naweka bar 3 nyuma na pungufu kidogo mbele. Fundi wa motari (pikipiki) hukuwekea mpaka mpira ulie kama ngoma, na wewe unarudi nyumbani meno yanagongana. Ukiupunguza mno, nao, jiwe linaubana mpira wa ndani kwenye rimu na kuutoboa matundu mawili kama ya nyoka. Halafu kuna vali. Nyingi za kinga hizi ni zile nyembamba zenye kiskrubu kichwani, na pompa ya barabarani haizishiki. Kuna kipande cha shaba cha kuvisha juu, bei yake ndogo kabisa. Nina viwili: kimoja kiko kwenye funguo za nyumba.

Ubavu ukichanika njiani, kiraka cha mpira wa ndani peke yake hakitoshi, mpira huo utatoka kwenye mchaniko kama ulimi. Beba kipande cha mpira wa nje wa zamani, kirefu kama kidole, kilichonyolewa kikawa laini, uweke ndani kati ya mipira miwili. Wengine wanakunja noti. Zetu za franga zimelainika kama kitambaa, usijidanganye.

Pale njia inapokwisha kabisa, ibebe. Ndicho kitu hii kinga inakijua kuliko zote. Nyingi zina nyaya zilizopitishwa juu ya bomba la fremu, si chini yake, ili bomba likae begani bila kukukwaruza. Mkono wa kulia unapita ndani ya fremu na kushika usukani.

Alumini ina tabia yake, na hapa ndipo watu wa kinga za chuma wanakosea. Chuma kikipinda, fundi anakipiga nyundo, kikikatika anakichomelea kwenye kona yoyote ya mji. Alumini hairudi hivyo. Mashine ya kuchomelea milango haiiwezi, na hata anayeiweza, joto linaipunguzia nguvu pale pale alipochomelea. Kwa hiyo unautafuta ufa kabla haujakutafuta. Mimi nafanya hivi kila mwezi: nasafisha maungio, hasa chini ya usukani na kuzunguka kanyagio, napaka mafuta mepesi, nasubiri robo saa, nafuta kavu kabisa, kisha napaka unga wa chaki ya darasani. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mkwaruzo wa rangi hauchori kitu. Bomba la kiti nalo nalichomoa kila miezi mitatu na kulipaka grisi, kwa sababu alumini ndani ya alumini ikikaa sana inagandana na hutaitoa.

Kuna kipande kimoja tu kilichotengenezwa ili kipinde: kikono kidogo kinachoshikilia dereya, ile inayohamisha mnyororo nyuma. Kinafungwa kwa skrubu, ili ukianguka kipinde chenyewe na fremu ibaki salama. Mwaka jana niliteleza karibu na Kyeshero, mnyororo ukaanza kugonga spoki. Fundi, mzee ninayemheshimu sana, akatazama.

"Mwalimu, hii napiga nyundo kidogo tu, inarudi."

"Mzee wangu, itakatika."

"Miaka 30 napiga, mimi."

Akapiga. Ikakatika. Alinyamaza, akanifupishia mnyororo ili ushike gia moja tu, akakataa pesa. Nilienda na gia moja kwa siku 19 mpaka kipande kikafika. Maumbo ya vikono hivyo ni mengi mno na kila fremu ina chake, hivyo kinunue pamoja na kinga, kifunge kwa mpira chini ya kiti.

Vumbi la volkano linakula mnyororo na breki. Chukua mita ya seremala yenye inchi: kwenye mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita, tupa mnyororo, kabla haujaharibu kaseti (rundo la gia za nyuma) ambayo ni ghali zaidi. Kama breki zako ni za kubana rimu, chokonoa mchanga kwenye pedi kwa sindano kila wiki, na pitisha kidole kwenye rimu: ikianza kubonyea kama kijiko, imekonda. Za diski ni bora, lakini chagua za waya. Za mafuta, siku zikivuta hewa, utatafuta wa kuzihudumia.

Usiipeleke panapooshewa motari. Ile presha inasukuma maji mpaka kwenye bolibearingi. Ndoo na kitambaa.

Na barabarani, chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) iliyojaa makala ikishuka, usibishane nayo kwa sababu wewe una gia. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Kijana akipaza sauti "Mwalimu, toka!", mimi natoka.